Tundu Kando ya Jiko

14 Januari

Dada yangu mpenzi,

Habari za huko, na macho ya Mama yanaendeleaje? Sisi huku ni wazima kabisa, tena wazima wa kupitiliza, maana mtu akiwa na furaha kiasi hiki hata mafua yanamkwepa. Leo nimetimiza wiki saba za ndoa. Ndiyo, nazihesabu. Nicheke tu.

Ngoja nikutembeze nyumbani kwetu. Ni vyumba viwili na jiko, ghorofa ya pili. Dirisha la sebuleni linatazama ukuta wa kiwanda cha magodoro, lakini asubuhi jua hugonga ukuta ule likarudi kwetu, na mume wangu husema hilo ni jua la mtumba lakini halijachakaa. Ndivyo alivyo, dada, kila kitu anakigeuza kuwa maneno matamu. Jioni nikisikia viatu vyake kwenye ngazi moyo unanienda mbio kama sijawahi kumwona. Anaingia na vumbi la vioo kwenye nyusi, kwa sababu kutwa nzima anasaga vioo vya miwani za watu, na jambo la kwanza anavua miwani yake mwenyewe. Anasema, "Wewe nakuona hata bila hii." Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?

Niliambiwa uliondoka harusini kabla ya picha ya familia kwa sababu makinda wa lile duka la ndege unakofanya kazi walikuwa hawajalishwa. Tulikuachia nafasi ubavuni kwangu. Kwenye picha inaonekana kama nimemkwepa mtu. Lakini sina neno, kazi ni kazi.

Sasa jambo lenyewe. Siku yake ya kuzaliwa ni mwezi ujao na nataka kumpa kasuku mdogo, wa kukaa kwenye kiganja. Tangu tuoane amekwisha kuwataja ndege wako mara nyingi: jinsi unavyopima joto la uji kwenye kifundo cha mkono kabla ya kuwalisha, jinsi alivyokuwa akikaa kwenye lile benchi la nyuma ya duka akikutazama, zile siku alizokuwa akija kwetu kurekebisha miwani ya Mama. Nikamwambia, basi ndege utapata hapahapa nyumbani kwako, huna haja ya kukumbuka mbali.

Nifundishe kumchagua na kumtunza. Niandikie kila kitu, hata kile unachodhani ni kidogo.

Mdogo wako mwenye bahati kuliko wote

2 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nimezipokea. Macho ya Mama yako vilevile. Barua zako namsomea mimi, na hucheka mahali pa kucheka. Bomba la uani limetengenezwa. Mimi sijambo.

Miwani ya Mama ilirekebishwa mara moja tu, siku ya kwanza. Baada ya hapo, kwa miaka miwili, hapakuwa na kitu kilichoharibika.

Kuhusu kasuku. Hapo mjini kwenu, nyuma ya stendi, kuna muuza ndege mwenye kofia ya sufi. Makinda huchukua kwetu, kwa hiyo najua wanakotoka. Usimwachie akuchagulie. Kaa mbali na tundu lake kwanza, uwatazame kabla hawajakuona. Mzima hulala kwa mguu mmoja. Anayelala kwa miguu miwili huku amejivimbisha, mwache. Anayemkimbilia kila mtu ana njaa au ana shida. Mshike, umpapase mfupa wa kifua: ukichoma kama kisu, hali chakula vizuri, ukifukiwa na nyama pande zote mbili, sawa. Mpulizie manyoya ya tumboni uone kama nyuma ni pasafi. Tundu za pua ziwe kavu.

Mpe ulezi na mtama, alizeti chache sana. Majani mabichi yaliyooshwa. Asiguse chumvi, wala parachichi, hata kipande. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Tundu lisiwekwe penye upepo wala jua kali. Siku tatu za mwanzo msimguse, aizoee sauti yenu kwanza.

Akiwa peke yake atachagua mtu mmoja wa kumpenda. Huwezi kumlazimisha ampende nani.

Dada yako

27 Februari

Dada yangu wa pekee,

Mama hajambo? Mwambie ile shali aliyonipa naivaa hadi ndani ya nyumba. Mashangazi wa mume wangu walikuja Jumapili, wakanikagua kuanzia pazia hadi kabati la vyombo, wakasema nimepita. Wametuletea seti nzima ya vikaango vyeusi, vile visivyogandisha chakula. Yai linateleza lenyewe kama mtoto kwenye bembea.

Na tumempata. Ni wa kijani, ana uso wa rangi ya chungwa na mkia wa bluu uliofichwa chini, kama mtu aliyevaa nguo ya ndani ya gharama bila kutaka watu wajue. Mume wangu ndiye aliyesema hivyo, si mimi.

Ungemwona pale kwa muuza ndege. Yule mwenye kofia alinitolea mmoja aliyekuwa akining'inia kwenye waya, akaniambia, "Bibi harusi, huyu ni wako. Tazama anavyokukimbilia."

Kabla sijafungua kinywa mume wangu akasema, "Anayemkimbilia kila mtu ana njaa au ana shida."

Nikashangaa, maana barua yako nilikuwa sijamwonyesha. Akanyoosha mkono, akamshika mwingine kwa vidole viwili, akampapasa kifua, akampulizia tumbo. Mwenye kofia akamtazama vizuri. "Bwana, umewahi kufuga?"

"Sijawahi. Nilikaa karibu na mtu anayejua."

"Huyu bibi?"

"Huyu? Huyu anaogopa hata kuku."

Tulicheka sote watatu, dada, mimi nikacheka zaidi yao, mpaka machozi. Nilijua anakusema wewe. Si vizuri hivyo, kwamba maarifa yako yamekuja kutua kwenye nyumba yangu?

Tundu tumelitundika jikoni, kando ya jiko la gesi, kwenye msumari uliokuwa wa kuningʼinizia taulo. Ni pahali penye joto na hakuna upepo, kama ulivyosema, na nikipika ananitazama kwa jicho moja. Ila nikuambie siri. Asubuhi nyingine naweka kikaango motoni nikisubiri kipate moto, mume wangu anakuja nyuma yangu na maneno yake, na tunakuja kukumbuka kikaango kikiwa kimetoa moshi. Kimoja kimeshageuka rangi. Ndoa ni tamu, dada. Na wewe yako itakuja, nakuombea kila siku.

Mdogo wako aliyekolea

11 Machi
(Haikutumwa)

Mdogo wangu,

Mtoe huyo ndege jikoni leo, kabla hujamaliza kusoma. Vikaango vile vikikaa motoni vitupu hutoa hewa ambayo wewe huwezi kuisikia hata ukiinusa. Kwa mtu si kitu. Ndege mdogo hamalizi dakika kumi. Mwaka juzi mke wa tajiri wangu alisahau kimoja kwenye jiko la chumba cha nyuma na tukazoa makinda kumi na mmoja kwa kizoleo cha takataka. Hili ndilo jambo la kwanza tunalomwambia kila mnunuzi, hata kabla ya chakula. Mara ya kwanza nilipokuandikia lilinitoka, kwa sababu nilikuwa nafikiria lile benchi.

Nimesoma tena pale alipoulizwa kama amewahi kufuga. "Mtu anayejua." Miaka miwili alikaa pale, kila Jumamosi, na alinishikia makinda nikiwalisha. Hakutamka neno, ni kweli, wala mimi sikumuuliza. Nilidhani ni mtu asiye na haraka. Ukaja likizo wiki tatu, na ikawa ana haraka.

Na umecheka mpaka machozi

12 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, na shali Mama amefurahi kusikia. Huku mvua imeanza. Makinda ni wengi mwezi huu, nalisha kila baada ya saa tatu.

Mume wako amechagua vizuri. Msibadilishe chakula ghafla. Mkimwona anakwangua mdomo kwenye waya, mpeni kipande cha mti laini atafune.

Umesema jikoni pana joto. Ni kweli, kasuku anapenda joto.

Dada yako

15 Aprili

Dada mpenzi,

Natumaini mvua haijawaletea mafua. Mume wangu amepandishwa cheo, sasa yeye ndiye anayekagua miwani zote kabla hazijatoka karakana, na juzi bosi alimsifia mbele ya watu. Nilipika, nikavaa lile gauni la njano, akaniambia nikivaa hivyo hapahitajiki taa.

Ndege naye hajambo. Hajambo kupita kiasi. Amemchagua mtu wa kumpenda, na si mimi ninayemlisha. Akisikia viatu ngazini anaruka huku na huku kwenye tundu kama mimi nilivyokuwa nafanya. Akifunguliwa anakwenda moja kwa moja kwenye shingo ya mume wangu, anajichimbia chini ya kola, analala. Mimi nikisogea kumbusu mume wangu mwenyewe naumwa kidole. Nimekwisha bandika plasta mara nne. Mume wangu anacheka, anasema, "Una mke mwenza wa gramu hamsini." Nacheka pia. Ni utani mzuri.

Basi juzi tunakula akasema, "Tumwite dada yako aje wiki mbili. Yeye atamrekebisha kwa siku tatu."

Nikamwambia una kazi.

"Ataomba ruhusa. Hana mume wala mtoto wa kumzuia."

Nikamwambia kochi letu ni fupi.

"Mimi nitalala kwenye kochi, nyinyi mlale kitandani mpige soga."

Kwa hiyo nakualika, kama alivyosema. Usijisumbue lakini kama kazi ni nyingi, tutaelewa kabisa. Safari ni ndefu na Mama atabaki na nani? Mimi nisingependa uchoke kwa ajili ya ndege.

Mdogo wako

24 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeomba ruhusa leo asubuhi na tajiri amekubali. Nitafika tarehe mbili Juni kwa basi la mchana. Mama atakaa na jirani, wameshakubaliana, tena wanaonekana kuifurahia kuliko mimi. Kochi fupi halinitishi, nimelala kwenye magunia ya mtama.

Ndege anayeuma anarekebishika. Msimpigie kelele, msimfunike kitambaa kama adhabu. Mwambie mume wako asimkate kucha mpaka nije, nina mkasi wake maalumu. Nitaleta na ulezi wa masuke, ule anaoujua yeye, atakumbuka.

Kuhusu mahali lilipo tundu, kuna jambo nitawaeleza nikifika. Ni rahisi kulionyesha kuliko kuliandika.

Nimeshona gauni. Rangi yake utaiona.

Dada yako

28 Mei

Dada yangu,

Sijui nianzie wapi. Mama hajambo? Msalimie. Sisi tupo, lakini nyumba imepoa.

Ndege wetu amekufa. Ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na nne, asubuhi. Niliweka kikaango motoni kipate moto, kisha nikaona kifungo cha shati la mume wangu kinalegea, nikaenda sebuleni kukishona. Unajua nikishona kitu chake najisahau, nawaza mwili wake ndani ya lile shati. Niliporudi ndege alikuwa chini ndani ya tundu, mabawa wazi, mdomo wazi. Mume wangu alikuwa ananyoa ndevu. Alimchukua na povu shavuni, akampulizia, akampapasa kifua kwa vidole viwili kama alivyofanya siku ile. Akamfunga kwenye kitambaa laini cha kufutia miwani. Hakuenda kazini mpaka saa nne. Nilimshika mkono muda wote, dada. Katika huzuni ndipo mtu unajua umeolewa.

Karakana kwao kuna mwenzake anayefuga. Alipoelezwa akauliza swali moja tu: "Kikaango cha aina gani?" Akamwambia kwamba yeyote anayeshughulika na ndege analijua hilo, ni kitu cha kwanza.

Mume wangu akarudi, akaniuliza, "Dada yako hakukuambia?"

Nikampa barua zako zote. Ningefanyaje, ni mume wangu, simfichi kitu. Alizisoma mezani, moja moja, akifuata mistari kwa kidole kama anavyokagua kioo. Chumvi ipo. Parachichi lipo. Upepo upo. Alipofika pale ulipoandika kwamba jikoni pana joto na kasuku anapenda joto, akarudia kusoma. Alipofika pale uliposema ni rahisi kulionyesha kuliko kuliandika, akavua miwani.

Nilikutetea. Nilisema labda ulisahau. Akasema, "Mtu hasahau kitu halafu akaahidi kukionyesha."

Nikasema labda una mawazo, unaishi peke yako na Mama, mtu huchanganyikiwa. Akasema hakukujua kamwe. Nilimwomba asiseme hivyo, wewe ni damu yangu, lakini ndivyo alivyosema, na ni vizuri ulisikie kutoka kwangu kuliko kwa mtu baki.

Kwa habari ya safari yako, ameona hakuna tena haja. Gauni utalivaa kwingine. Siku hizi amekuwa mkimya, lakini usiku ananishika kwa nguvu kuliko zamani, hivyo hata katika hili mimi nimebarikiwa.

Nakupenda vilevile. Mimi sina kinyongo na mtu.

Mdogo wako

19 Juni

Mdogo wangu,

Mama anaendelea vizuri. Barua yako ya mwisho sikumsomea, nilimwambia ndege amekufa, basi. Akasema poleni.

Kila ulichoandika kuhusu mimi ni kweli. Nilijua tangu Machi. Nilianza kuandika kukuonya, nikaacha, kesho yake nikakuandikia ule mstari wa joto. Sikusahau. Nilitaka mje kulia, wewe na yeye, kisha nikataka nije niwaokoe mbele ya macho yake, na kati ya kutaka hili na lile ndege akabaki pale msumarini. Sikuombi msamaha, kwa sababu wewe si wa kuombwa.

Tarehe kumi na moja yule mwenye kofia alikuja dukani kuchukua makinda. Hunywa chai na sisi huku tukimpangia masanduku. Akaniambia, "Mdogo wako ni mtu makini sana. Wanunuzi wote wangekuwa kama yeye ndege wasingekufa."

Nikamuuliza alimwona lini.

"Mwanzoni mwa Mei, alikuja kununua ulezi, akaniambia wewe ni dada yake. Akaniuliza, kuna ubaya gani tundu likiwa jikoni? Nikamweleza habari ya vikaango. Kwani wewe hukumwambia?"

"Akasemaje?"

"Akashukuru. Tena akanirudisha nyuma nimwelezee vizuri: ni vile vyeusi? Ni mpaka kiwe kitupu? Inachukua dakika ngapi?"

"Una hakika ni yeye?"

"Ana plasta kwenye kidole, na kila akimaliza sentensi anamtaja mume wake. Ni yeye."

Nilimfungia masanduku yake, nikampa na risiti. Baada ya hapo nikahesabu. Barua yangu ilikufikia mwisho wa Aprili. Mwanzoni mwa Mei ukaenda kuuliza. Tarehe ishirini na nne ukashona kifungo. Wiki tatu tundu lilibaki kwenye msumari uleule, ukingoja tarehe yangu ya basi isogee vya kutosha. Mimi nilinyamaza, lakini sikuwasha jiko. Sisemi hivyo kujisafisha. Nasema ili tusichanganye kazi zetu.

Nilifikiri kukuandikia wewe peke yako, tubaki tukijuana, miaka yote, kila mmoja amemshikia mwenzake kisu mgongoni huku tunasalimiana. Ndivyo ulivyotegemea. Ulijua siwezi kusema juu yako bila kusema juu yangu, na kwamba kama yamebaki maoni mazuri kidogo juu yangu ndani ya kichwa chake nitayalinda. Hayajabaki. Uliyamaliza mwenyewe pale mezani.

Kwa hiyo nilimwandikia yeye, kwa anwani ya karakana. Nimemweleza yangu kwanza, bila kupunguza: Machi nilijua nini, na kwa nini sikuandika, pamoja na mambo ya lile benchi, ambayo sikuwahi kuyatamka na sasa nimeyatamka mahali pasipo na faida. Kisha nimemweleza yako. Ulichomuuliza muuza ndege, kwa maneno aliyoyasema mwenyewe, hadi lile swali la dakika. Nimemwambia yule mtu yupo nyuma ya stendi kila siku, akitaka kuhakikisha si mbali na anapokwenda kazini.

Barua ile niliipeleka posta siku nne kabla ya hii. Ataisoma akiwa peke yake, kwenye kiti chake cha kukagulia, na atairudia mara mbili kama alivyozirudia zangu. Atakuwa amekaa nayo siku nne mfukoni wewe ukimsimulia mambo ya siku.

Akirudi leo usimuulize kazi ilikuwaje. Mwache aanze yeye.

Dada yako